Wazamiaji Wazoefu

Mdogo wangu watu wanamwita Kadi, na walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Tangu aote ndevu, hakuna harusi wala mahafali wala uzinduzi wa duka hapa mjini ambao hakuzamia. Macho makavu! Anaingia, anakumbatia mashangazi wa watu, anakaa meza ya mbele, anapakuliwa. Mimi ni fundi cherehani na wateja wangu ndio maharusi wenyewe, kwa hiyo kila Jumatatu naletewa vitambaa pamoja na mashtaka.

Mnadhani ni ulafi? Hapana. Mtoto huyo haitwi popote, basi. Ameomba kazi mpaka walinzi wa maofisini wakawa wanamsalimia kwa utani, lakini hakuna aliyewahi kumwita hata kwa usaili. Siku ya harusi yangu mwenyewe, mimi dada yake wa tumbo moja, mabaunsa walimwona mlangoni wakasema leo hupiti, wakamtoa mzobemzobe. Na mimi niko kule mbele na shela langu, sina habari! Nilipoambiwa nilivua viatu nikawafuata mabaunsa hao hadi nje, mume wangu ni shahidi. Tulimkuta Kadi amekaa ukingoni mwa barabara, anasikiliza muziki wetu kwa mbali. Hakulalamika. Alisema tu kwamba nimependeza.

Sasa siku moja tunakula, redio ikatangaza kwamba jeshi la majini la kisasa si la wapiga mizinga peke yao. Linahitaji wapishi, wanasheria, madaktari wa meno, warusha droni, watabiri wa hali ya hewa, wapiga tarumbeta, na wazamiaji wazoefu.

Kadi akaacha kutafuna. "Dada, wamenitaja."

"Wamekutaja wapi?"

"Wazamiaji. Tena wazoefu!"

Jamani, lugha yetu hii! Anayeshuka chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni ni mzamiaji, na anayeingia shereheni bila kualikwa naye ni mzamiaji. Mimi nimeishi na huyu wa pili miaka yote, wa kwanza hakunijia akilini hata kidogo. Nikajisemea, jeshi la kisasa bwana, labda wanatafuta watu wa kupenya kwa adui wakale naye. Nikampigia pasi suti ya mume wangu, nikafunga karakana, nikamsindikiza.

Ukumbi wa kuandikisha askari ulikuwa na meza kila kona. Daktari wa meno wa jeshi alikuwa akiwachungulia vijana midomo hata kabla hawajasema wanataka kazi gani. Mtabiri wa hali ya hewa alikuwa ameshika mwavuli, humo humo ndani, na alikataa kusema kwa nini. Mrusha droni alikuwa amepoteza droni yake juu ya dari na anaomba ngazi. Kwenye meza ya wazamiaji alikaa luteni mmoja mwanamke, sare imenyooka, uso haucheki.

"Umeanza kuzamia lini?" akamuuliza Kadi.

"Tangu shule, afande."

"Umewahi kufika mbali?"

"Mpaka kule ndani kabisa, afande, wasikofika watu wa kawaida."

Luteni akaandika. "Suti unayo?"

"Ya shemeji, afande. Inanibana kidogo kifuani."

"Inatakiwa ibane. Ukikwama huko ndani unafanyaje?"

"Natulia. Napumua polepole. Ukianza kuhangaika tu, umekwisha."

"Na wakati wa kutoka?"

"Polepole vilevile, afande. Wanaotoka mbio wanaumia sana."

Luteni akaweka kalamu chini, akamtazama kwa heshima ambayo sijawahi kuona mtu akimpa mdogo wangu. "Kesho kwenye bwawa letu, kwa majaribio," akasema. Mimi nikapiga kigelegele palepale, daktari wa meno akadhani naumwa jino.

Kesho yake tukafika bwawani. Kwa nini bwawani sikujiuliza, nilikuwa bado nimelewa furaha. Walikuwa wamesimama ukingoni vijana kama kumi hivi, wote wana suti na tai, viatu vinang'aa. Nikawaangalia vizuri. Mungu wangu, hizi sura nazijua! Hawa wote walikula kwenye harusi yangu! Yule wa mwisho alikata hadi keki! Aliyetolewa siku ile ni mmoja tu, naye alikuwa ndugu yangu. Damu ikanichemka.

Luteni akatoka na filimbi. "Mbona mmevaa hivi?"

"Usaili, afande," akajibu yule wa keki. "Chakula ni saa ngapi?"

Ikabidi luteni aeleze. Alieleza kwa kelele, akionyesha maji kwa kidole. Kuzamia ni huku! Chini! Kwenye maji! Nikamvuta Kadi koti arudi nyuma, maana hata beseni la kufulia analikwepa. Luteni akamgeukia mkufunzi wake wa mbizi, mzee mwenye medali kifua kizima. "Waonyeshe."

Mkufunzi akavua kofia. "Afande, nisamehe. Mimi nilikuja zamani kwenye gwaride, nilifuata soda. Nikasimama mstarini ili nisishtukiwe, wakanivisha cheo. Sijawahi kulowa."

Luteni akafumba macho kwa muda. Alipoyafumbua, akachukua orodha yake. "Nitaita majina. Ukiitwa, ingia majini. Usiyeweza, lango lile pale."

Akaita wa kwanza, huyo akaenda langoni. Akaita wa pili, naye langoni, na mkufunzi akawafuata bila kuitwa. Yule wa keki aliuliza tena kuhusu chakula. Kisha luteni akasoma jina la mdogo wangu, lile la shuleni, na la baba yetu marehemu, na la babu. Akalisoma lote.

Kadi akafunga kifungo cha koti.

"Kadi!" nikapiga kelele. "Huogelei! Rudi nyumbani, kazi si lazima!"

Akanigeukia, uso umetulia kabisa. "Dada, nimeitwa."

Akapiga hatua mbele, akazama na suti ya watu.

Sijui niliruka vipi. Mimi pia siogelei, nisiwadanganye. Nilichojua ni kwamba mdogo wangu yuko chini na harudi juu. Maji yakanijaa puani, nikashika kitu nikidhani ni yeye, kumbe ni buti la luteni, ambaye alikuwa ameshaingia na sare yake yote. Alitutoa mmoja mmoja kama nguo za kufua, akatubwaga ukingoni.

"Wewe mama," akanihemea, "nani amekuita?"

"Hakuna!" nikamfokea. "Na nitaingia tena!"

Akaniacha, akamwinamia Kadi. "Huwezi kuogelea. Umeingia kwa nini?"

Kadi alikohoa maji, akajaribu kusimama wima kijeshi, akashindwa, akabaki amepiga magoti. "Ulitaja jina langu, afande."

Luteni akakamua mkono mmoja wa sare, kisha wa pili. Mwishowe akasema kwamba upande wa pili wa bwawa maji yanafika kiunoni, na kwamba wataanzia huko, kesho asubuhi, aje na kaptula.

"Langoni watanizuia, afande."

"Sema ninakungoja mimi."

Alipoondoka nikamkumbatia mdogo wangu, nikalia, tena kwa sauti, sikujali nani anatazama. Yeye alikuwa anatoa maji sikioni, kichwa kimelalia upande.

"Dada," akaniuliza, "ulisikia alivyolisoma? Na la baba pia."

Nikamwambia nilisikia.