Mistari Minane ya Bi Ottilie

Kwa nini maprofesa wamempa Bi Ottilie mistari minane tu kwenye hilo dubwana la kitabu chako? Vuta kiti, Heike. Kosa si lao, ni la babu yako huyu.

Februari ya arobaini na saba, hapa hapa Kassel. Baridi ile, we acha tu. Mimi mpanga herufi kwa mzee Drewes, tunapiga chapa kitabu cha washairi wapya, cha kwanza tangu vita viishe. Bi Ottilie Vogelreiter alikuwa na mashairi kumi na manne humo. Mtu wa kuongea na Mungu kama unavyoongea na jirani wa ghorofani. Kifua kinamla, mume hana, mtoto hana. Akikosa kitabu kile, basi, kafutika.

Nilipomaliza kupanga, karatasi zake tukawashia jiko, maana wino ulikuwa umeganda jiwe. Hofu ya nini? Maneno yameshapangwa kwa herufi za risasi. Sasa sisi tuna desturi: ukurasa wa herufi uliozungushiwa uzi ni hai, usiguse. Usio na uzi kazi yake imekwisha, rudisha herufi visandukuni. Asubuhi nakuta kurasa zake hazina nyuzi. Nikazivunja zote, tena napiga mluzi.

Saa nne Bi Ottilie akaja kusahihisha. "Zangu ziko wapi, Rudolf?"

Drewes akanirukia: "Punguani we! Nani kakwambia uvunje?"

"Hazikuwa na nyuzi, mzee!"

Bi Ottilie akatazama miguu yake. Viatu vimefungwa kwa nyuzi zetu. "Nilichukua mimi jana," akasema. "Soli zilikuwa zinaachama."

"Basi yaandike tena, Bi. Mwenye kitabu anakuja saa nane."

"Mimi siandiki, Drewes, naletewa. Na siletewi mara mbili."

Akasimama ukutani, anakohoa. Nikafumba macho mbele ya visanduku vya herufi, nikaacha vidole vikumbuke. Mstari. Mwingine. Ilipofika minane vikagoma.

"Endelea, mwanangu."

"Vimegoma, Bi."

"Shairi lile la theluji je?"

"Nalo nimejaribu."

Saa nane mwenye kitabu akaja, akachukua minane, akaenda zake. Hedwig, mke wa Drewes, akaingia na supu ya tanipu, akatukuta kama wafiwa. "Nyie! Haya maji yakipoa hata mbwa hayataki!"

Hakuna aliyesogea. Bi Ottilie ndiye aliyevuta kiti.

"Minane," akasema, machozi yanamtoka. "Asubuhi sikuwa na hata mmoja. Kaeni basi, mnaniumiza shingo."

Tukakaa, tukala.