Baba Alipotoka Darasani

Siku Delphine Ouellette alipopelekwa shule ya bweni, hakumuaga baba yake. Alishusha begi lake kutoka nyuma ya pikapu, akabamiza mlango, akaingia ndani bila kugeuka.

Alikuwa na miaka kumi na tano, mtoto wa wakulima wa viazi kaskazini kabisa ya jimbo la Maine, Marekani, na herufi zilikuwa zimemshinda tangu darasa la kwanza. Mjinga hakuwa. Hadithi akisimuliwa mara moja, aliirudia neno kwa neno. Lakini akifungua kitabu, maneno yalimponyoka kama sabuni kwenye maji. Wenzake walimwita Kiazi. Baba yake, Réal, alikuwa na neno moja tu: uvivu. Mama ndiye aliyehangaika huku na huko mpaka akapata shule hii ya jimbo la New Hampshire, ya vijana wenye akili nzima ila wanaopita njia nyingine kuyafikia maandishi au hesabu.

Somo la kwanza, Mwalimu Pruitt alimwekea mbele sinia la mchanga. Alitaka Delphine achore herufi kwa kidole huku akitamka sauti yake.

"Mchanga? Mwalimu, mimi si wa chekechea."

"Najua. Wa chekechea hawanibishii hivi. Haya, chora."

Alichora kwa hasira. Bwenini alimwambia Tamsin, aliyelala naye chumba kimoja, kwamba atatoroka.

"Toroka, lakini niamshe kwanza nikuage," Tamsin alisema bila kuinua macho kwenye riwaya yake. "Ila usiniulize basi linaondoka saa ngapi. Saa ya mishale hainielewi, na mimi siielewi."

Delphine alicheka mpaka akasahau kutoroka. Wiki zikapita. Mchanga ule ule, kidole kile kile, sauti moja moja, kisha mbili, kisha neno. Siku moja alisoma ukurasa mzima, akasimama akidhani amekosea mahali. Hakuwa amekosea.

Viazi vilipokwisha kuvunwa, wazazi walialikwa. Mama alibaki nyumbani na wadogo zake, akaja baba peke yake, kucha zake bado na udongo mweusi. Mwalimu Pruitt aliwakalisha wazazi kwenye madawati ya watoto wao, akawagawia karatasi ambayo makusudi ilikuwa imevurugwa: herufi zimegeuzwa, nyingine zimeruka mahali pake, maneno yameshikana.

"Someni kwa sauti," alisema. "Mjue watoto wenu wanaona nini."

Darasa zima likaangua kicheko. Baba mmoja mwenye tai alikwama kwenye neno la kwanza, akajipiga paji la uso. Mama yake Tamsin alisema, "Mungu wangu, kumbe ndivyo ilivyo!" akafuta machozi. Réal hakucheka. Aliitazama karatasi, akawatazama wenzake, akaitazama tena. Kisha akainuka, akatoka.

Delphine, aliyekuwa akitazama kutoka nyuma ya darasa, aliona uso ukimwaka moto. Ameniona zigo, aliwaza. Akamfuata nje, amejiandaa kwa ugomvi.

Alimkuta ameketi nyuma ya pikapu, kofia mkononi.

"Ungebaki nyumbani tu, Baba, kama unaniona aibu."

"Nani kakwambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wale mle ndani wanacheka nini?"

"Si karatasi? Imevurugwa."

Réal aliizungusha kofia yake mara kadhaa.

"Mimi sikuona imevurugwa, binti. Mimi zote naziona hivyo."

Delphine alisimama kama aliyepigwa na barafu. Yakamjia mambo mengi kwa pamoja: mama akisoma barua zote za nyumbani, baba akisahau miwani kila anapoletewa kitabu. Huruma ilikuja, lakini hasira ilitangulia.

"Sasa kwa nini uliniita mvivu? Mimi, mwanao! Ulijua!"

"Sikujua. Padri aliniita mvivu, mwalimu akaniita mvivu, nikaamini ndilo jina la hali hii. Nikasema nikikusukuma sana, wewe utapita pale niliponasa mimi. Nisamehe."

Hakuwahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mtu yeyote. Alipanda, akaketi karibu naye, bega kwa bega. Kisha Delphine akamshika kidole cha shahada, kigumu kama gome, akakiweka juu ya vumbi la bodi ya pikapu.

"Hii inaanza juu, inashuka. Tamka: rrr."

"Watu wataniona."

"Waone. Mwenzio nilianza kwa mchanga."

Réal akatamka, kwa aibu kwanza, kisha kwa nguvu, hata baba wa tai, aliyekuwa akielekea garini, akageuka kutazama. Mwalimu Pruitt naye alitoka. Alipowaona, alirudi ndani akaja na sinia la mchanga, akaliweka kwenye kiti cha mbele.

Majira yote ya baridi walisoma kwa simu, kila jioni baada ya chakula. Baba alikuwa mwanafunzi mbishi. Aligombana na herufi, akatupa kalamu, mara mbili akaapa ameacha. Delphine akaiga sauti ya mwalimu: "Haya, chora." Naye alipomfundisha baba, masomo yake mwenyewe yakazidi kumkaa kichwani.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, simu ililia mchana.

"We Delphine! Niko mjini, kwenye mkahawa wa Bi. Cyr. Unajua unaitwaje?"

"Si kwa Bi. Cyr?"

"Hata! Ubao wa nje umeandikwa Ko-ro-ngo. Korongo Mweupe! Nimekula hapa tangu sijaoa, leo ndiyo najua."

"Umesoma mwenyewe?"

"Nani anisomee? Ngoja, kuna na maneno madogo chini. Usikate."

Delphine hakukata. Aliegemea ukuta wa korido, akamsikiliza baba yake akizikusanya sauti moja moja.