Kompyuta ya Akina Mama wa Junda

Kompyuta ilizima tena Johari alipokuwa akiandika jina la marehemu mama yake, miongoni mwa wanawake waliochimba kisima cha Junda. Kioo kikawa cheusi ghafla, na maneno yote ya asubuhi ile yakapotea.

"Imezima, Da Johari," alisema Mbeyu.

"Nimeona. Wallahi leo mimi na yeye."

Mashine ile ilikuwa ya hoteli moja ya Shelly Beach, alikofanya kazi Johari mapokezi. Hoteli ilipofungwa alipewa kuwa ukumbusho, akaivusha feri imefungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Akaiweka katika chumba cha uani alimoshonea mito ya sufi, akaanza kuwafundisha wasichana wa mtaani kupiga chapa. Mbeyu, aliyetoka Kaloleni kuja kutafuta kibarua, alikuja kujifunza akabaki kuwa mwenziwe wa kazi.

Mwaka ule wa tisini na sita, bwana mmoja asiyejulikana atokako alikuja akakizungushia kisima seng'enge. Akina mama waliandika malalamiko kwa mkono, wakayapeleka kwa mkuu wa tarafa. Karani akawarudishia, akasema mwandiko wa ovyo namna ile hausomeki. "Basi tutaupiga chapa," Johari alimjibu, "tuone utasema nini." Siku waliyoahidiana kurudi ilikuwa kesho, na mashine nayo leo ndipo ilipochagua kuugua.

Kwanza walidhani ni umeme, lakini taa ya chumbani ilikuwa inawaka vilevile. Wakabadilisha waya, wakatumia ule wa birika la umeme. Ikawaka, ikazima. Wakahamia soketi ya sebuleni. Ikawaka, ikazima katikati ya kuhifadhi, hata disketi ikaharibika. Mbeyu akaketi kitako sakafuni, machozi yakimlengalenga.

Hapo ndipo Ami Mohdhar alipopiga hodi. Alikuwa mdogo wa baba yake Johari, mtu mpole, mwoga wa fitina na serikali.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Johari, nasikia hicho kitu kimekataa."

"Hakikukataa. Kinaumwa."

"Liache jambo hili, mwanangu. Yule bwana ana watu wakubwa nyuma yake. Hata mashine imeona, nyinyi hamuoni? Kuna kijana wa duka la video anaitaka. Mpe, mpumzike."

"Ami, mama yangu alichimba kisima kile na mimba yangu tumboni. Leo nipumzike?"

Mzee akatikisa kichwa, akaenda kuketi barazani. Johari akaigeukia mashine, akaikazia macho.

"Mbeyu, hebu niambie. Huzima wakati gani?"

Mbeyu akafikiri. "Asubuhi hudumu. Jua likipanda haidumu. Na tukiiwasha papo hapo baada ya kuzima, ndiyo huzima upesi zaidi."

Johari akapeleka kiganja nyuma ya kasha. Bati lilikuwa la moto kama chuma cha kuchomea chapati. Akakumbuka kwamba kule hotelini, upande huo ulikuwa ukimpulizia miguu kutwa nzima. Sasa hapakuwa na upepo hata kidogo.

"Haipumui," akasema.

Walichomoa waya, wakaiacha ipoe. Bisibisi hawakuwa nayo, wakafungua skrubu kwa ncha ya kisu cha siagi. Kasha lilipovuliwa, wote wawili waliguna. Sufi! Ilikuwa imejaa kila pembe, nyeupe, laini, imezongwa na vumbi, na mbele ya feni ndogo ya nyuma ilikuwa imeshikamana kama mto mzima. Johari akacheka kwa hasira.

"Tumeishonea mto wa kulalia!"

Waliitoa kwa vidole na brashi ya rangi. Walipoiwasha, feni ilijikongoja mizunguko miwili mitatu, kisha ikasimama. Ilikwisha kufa. Baada ya muda kioo kikazima kama kawaida.

"Ndiyo basi," Mbeyu alinong'ona.

"Basi ya nani? Nenda kaniletee feni ya meza ya sebuleni."

Wakaiacha mashine uchi vilevile, matumbo nje, feni kubwa ikiipulizia mgongoni kwa nguvu zote. Johari akaandika. Kila aya ikiisha alihifadhi kwenye disketi mpya. Adhuhuri ikapita, joto la kaskazi likawakaba wao wenyewe, jasho likawadondoka juu ya vibonyezo. Mashine haikuzima.

Ami Mohdhar akachungulia, akashika kichwa. "Lo! Mmeifungua? Mtaunguza nyumba! Zima hiyo!"

"Ami, kwa heshima zako zote, sogea. Umekinga upepo."

Mzee akasogea. Akasimama ukutani, akawatazama mpaka printa iliyokuja pamoja na mashine ilipoanza kukereza. Johari alipomtajia majina ya wachimbaji, alisema polepole, "Mmemsahau Bi Kafedha. Na yeye alichimba." Johari akaliongeza jina lake, karatasi ikachapishwa upya.

Kesho yake akina mama walijaa ofisini kwa mkuu wa tarafa. Karani aliitazama karatasi, hakuona la kuitia kasoro. Akaitupa pembeni.

"Rudini baada ya Idi."

"Tutangojea hapa hapa," alisema Johari. Akatandika leso mlangoni, akaketi. Mbeyu akaketi kando yake, na wengine wote wakafuata, mpaka sakafu ikakosa pa kukanyaga.

Mkuu alipotoka kwenda kula, hakupata njia. Akaisoma karatasi kwa kusimama.

"Nani kaandika haya?"

"Sisi," walijibu kwa pamoja.

Akachukua kalamu, akaandika chini yake kwamba kisima kifunguliwe mpaka shauri lisikizwe. Karani akagonga muhuri, akawaambia waondoke.

"Na nakala yetu?" Johari aliuliza, hakuinuka mpaka alipopewa.

Jioni ile wenyewe waling'oa seng'enge. Mlinzi wa yule bwana alikuja mbio.

"Nani amewaruhusu?"

Johari akamwonyesha muhuri, halafu akaendelea kuukunja waya, mikono ikimtoka damu, bila kumtazama tena.