Pini Isiyovunjika

Simone aliniletea motor ya boti siku ya Alhamisi, juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka la kitanda chake. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachagua mawe kwenye maharage, na nilipouona mkokoteni ule unakata kona nilisimama nikatafuta pa kujificha. Mzee wa miaka sitini na saba, babu wa watu, natafuta pa kujificha! Lakini nyumba zetu za kambi ya wafanyakazi hapa Panda, mjini Likasi, zimebanana, na ukitokea nyuma unaingia jikoni kwa jirani. Nikakaa tena.

Simone ni mjane wa mdogo wangu Clovis, na kama Clovis ananiita yaya, yaani kaka mkubwa. Clovis alikufa katika ziwa Tshangalele mwaka jana, mwezi wa nane, baada ya motor hiyo kumwacha njiani. Tangu siku hiyo ilikuwa imelala ghalani kwa Simone, haijaguswa na mtu. Fundi wa familia ni mimi, na ni mimi niliyekuwa nasema kila mara tuiache kwanza, msiba bado mbichi.

"Yaya Numbi, samedi njo misa yake ya mwaka moja," Simone alisema bila hata kuketi. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. "Kisha misa, Joëlle na Plamedi banataka kwenda na boti kutupa maua kule baba yabo alifiaka. Gia ya occasion nilipata Lubumbashi, njo hii. Funga tu. Na utie goupille moja ya zile ulitengenezaka."

Goupille ni pini ndogo, haizidi kidole cha mwisho cha mkono, inayofunga rafadha kwenye mhimili wake. Pini yangu ndiyo iliyomuua mdogo wangu. Nilikuwa najua hivyo kwa mwaka mzima na sikuwa nimemwambia mtu, hata padri. Sasa mjane wake alitaka niifunge tena, kwa mkono wangu, halafu watoto wake wawili wapande boti ileile.

Nieleze ilivyokuwa. Clovis alikuwa mwalimu wa kemia, mtu wa vitabu, na boti ile na motor yake alinunua occasion, yaani zilizokwisha kutumika, kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwa boti ya kazi. Ilikuwa ya raha tu: Jumapili baada ya misa anaifunga nyuma ya gari la rafiki, wanaenda ziwani na watoto, wanakula mikate na samaki wa kukaanga juu ya maji, jioni wanarudi wameungua pua. Watu walimcheka. Mwalimu anakosa mshahara miezi mitatu, lakini ana boti!

Alichokipenda kuliko boti yenyewe kilikuwa sanduku la vifaa. Kwenye kifuniko alibandika karatasi yenye mwandiko wake mzuri wa ubaoni: plagi mbili za motor na ufunguo wake, koleo, bisibisi kubwa na ndogo, waya, kamba ya kuwashia, bomba la petroli, mafuta ya gia, kisu, tochi, pini za akiba nane. Kila alipotumia kitu alikipigia alama, na hakulala kabla hajaweka kingine mahali pake. Mimi nilimtania mbele ya watu, "Weye unaenda Tshangalele ama unaenda Ulaya?" Naye alicheka, maana kwetu mdogo hamjibu mkubwa wake vibaya, hata akiwa na diploma.

Ziwa lile ni la bwawa. Maji yalipopanda yalimeza msitu, na visiki bado viko chini, havionekani. Kila baada ya Jumapili mbili rafadha iligonga kisiki, pini ikakatika. Clovis alikuwa anainua motor, anatia pini nyingine, dakika tano, wanaendelea. Siku moja akaniletea vipande viwili vya pini iliyokatika akaniuliza kama naweza kumkerezea nyingine kama hizo.

Niliviangalia nikasikia hasira. Shaba ya njano, laini, ukiibana na koleo inapinda! Miaka thelathini na moja nilisimama mbele ya mashine ya kukereza. Katika atelier yetu, karakana ya kazini, kipande ulichotengeneza kikirudi kimevunjika, mkuu alikiweka juu ya meza yako asubuhi, watu wote wapite wakione. Changu hakikuwahi kuwekwa. Basi nikamwambia Clovis kwamba hawa wanaotengeneza vitu vya kuvunjika ni wezi, wanataka urudi kununua. Nikachukua kipande cha chuma cha kutobolea miamba, kigumu kama roho yangu, nikamkerezea pini sita. Nilizing'arisha mpaka zikatoa mwanga.

Sitasema sikujua. Kule kazini mitambo mingine ilikuwa na pini za namna hiyo, laini kwa makusudi, ili pini ife na mashine ipone. Wazo hilo lilinipitia kichwani siku ile nikalifukuza. Hii ni motor ya kuchezea, nilisema, haina nguvu ya kuharibu kitu. Ukweli ni kwamba nilitaka mdogo wangu, yule msomi, awe na kitu changu ambacho hakivunjiki.

Miezi minne hakikuvunjika. Halafu Jumapili ile upepo ulikuwa mkali, Clovis yuko mbali na ukingo pamoja na Joëlle na Plamedi. Wakagonga kisiki. Pini ikashika, na kwa sababu ilishika, pigo lote likaingia ndani likasaga gia. Motor ilinguruma lakini rafadha haikuzunguka. Joëlle, ambaye ana miaka ishirini, alitusimulia msibani: baba alifungua sanduku, akatoa pini, akaiangalia, ilikuwa nzima. Akairudisha. Mawimbi yakaanza kuingia kwa nyuma. Majaketi ya kuelea yalikuwa mawili, watoto ndio waliovaa. Clovis akaingia majini akaisukuma boti mpaka kwenye matete, na watoto waliposhika matete yeye miguu ikanasa kwenye wavu wa zamani uliotupwa humo. Maji hayakuwa na kina kirefu. Walimtoa Jumanne.

Msibani watu walisema, "Motor ya occasion, njo vile, inauaka bantu." Walinigeukia mimi, fundi. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilikula chakula cha msiba, nikalala chini na wanaume wengine siku saba, na kila mtu aliponipa pole nilipokea.

Basi Alhamisi hiyo nilianza kazi. Nilifungua sehemu ya chini ya motor na meno ya gia yakamwagika kwenye beseni, yamekatika kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Nilisafisha, nikafunga gia aliyoileta. Nilikuwa nimeshapanga: Simone akiondoka kwenda sokoni natia pini laini kimya, nakaa na siri yangu mpaka kaburini. Lakini Simone hakuondoka. Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu, sanduku la Clovis mapajani, akanitazama mikono saa mbili nzima. Nilipofika kwenye rafadha alifungua sanduku, akachukua pini moja kati ya zangu, bado inang'aa, akaniwekea kiganjani.

"Tia," alisema.

Nikaishika. Nikaipeleka hadi kwenye tundu lake. Mkono ukakataa.

"Hapana hii, Mama Joëlle."

"Juu ya nini? Haiko nguvu?"

"Iko nguvu sana. Njo ubaya wake." Niliendelea nikimwangalia miguu tu. "Hii pini inapashwa kuvunjika. Njo kazi yake. Ingevunjika ile siku, Clovis angetia ingine, bangerudi nyumbani kula. Minye njo niliharibu. Niliona siku ya kilio, Joëlle aliposema pini ilikuwa muzima. Nikanyamaza. Minye njo nilimuua mudogo yangu, kisha nikakula chakula cha kilio chake."

Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele, majirani waje, niaibike mara moja yaishe. Simone alifunga macho kidogo, akafungua.

"Ninajua," alisema.

"Unajua?"

"Na Clovis alijuaka." Aliingiza mkono chini kabisa ya sanduku, chini ya kitambaa cha kufutia mafuta, akatoa kikopo cha maziwa. Ndani kulikuwa na pini za shaba ya njano, nane, mpya, bado ziko kwenye karatasi ya duka. "Augustin, ule wa kuvua samaki kule Kapolowe, alimuambiaka mara mbili: toa hii chuma, itakuvunjia gia. Clovis akanunua hizi. Nikamuuliza, sasa juu ya nini hautii? Akasema, yaya alinitengenezea na mikono yake. Kila dimanche kwa mulango wa kanisa ananiuliza kama pini inakamata. Minye nitamujibu nini? Nitamupatisha haya, muzee muzima, mbele ya bantu? Akasema atatia hizi siku utaacha kuuliza."

Nilikuwa nauliza, ni kweli. Kila Jumapili, kwa sauti, ili wazee wenzangu wa atelier wasikie. Na yeye alikuwa anajibu, "Inakamata, yaya," huku ameshika Plamedi mkono. Sikuwahi kuacha kuuliza hata Jumapili moja.

"Mafundi ni bengi mu Likasi," Simone alisema. "Ningeweza kupeleka motor kwingine. Mwaka muzima nilikuwa nakungojea weye useme. Ungetia ile chuma leo, ningeuza boti, na batoto bangu hapana bangekanyaga tena hapa."

Nilitaka kumwomba msamaha lakini neno lilikuwa dogo mno, lilinitia aibu. Nikalisema hivyo hivyo.

"Sijui," alijibu. "Kweli, yaya, sijui. Malizia kwanza motor, batoto baende kuona baba yabo."

Nilichukua pini moja ya shaba. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuliona tundu. Simone aliweka sanduku chini, akaja akaishika motor kwa mikono miwili ili isitikisike, na nikaanza tena.