Maoni ya Stanislas Kuhusu Daraja

Jumanne ya wiki ya mwisho ya Agosti, kwenye kizuizi cha Muhokya, askari walimshusha Caleb kwenye teksi wakamkuta na kitabu changu. Kwenye kurasa za nyuma za kitabu hicho rafiki yangu Stanislas alikuwa ameandika kwa mkono wake mahali pa kuweka baruti ili daraja lianguke. Aliandika na jina lake lote, na mtaa anaoishi, na tarehe. Sheria ya kuandika hivyo niliiweka mimi.

Naitwa Syahuka. Naziba pancha na kutengeneza baiskeli hapa Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Nyuma ya meza ya vyuma nina rafu ya vitabu ishirini na vitatu, vyote vya Kiswahili, nilivyonunua nilipokuwa utingo wa malori ya Mombasa. Shule niliiacha darasa la tano. Nilichosoma baada ya hapo nilikisoma ndani ya lori, tukisubiri foleni ya mpakani.

Kuazima kitabu kwangu ni bure. Lakini ukikirudisha, unaandika maoni kwenye kurasa nyeupe za nyuma. Sema ulichoona, kizuri au kibaya, halafu weka jina, mtaa na tarehe. Niliamua hivyo kwa sababu vitabu vilikuwa vikirudi vimechanika na kila mtu anasema si yeye. Baadaye watu wakayapenda maoni kuliko vitabu. Wengine walianza kusoma nyuma kwanza, wakacheka hapo hapo kwenye benchi, ndipo wakafungua mwanzo.

Kilichokuwa na maoni mengi ni Daraja Liangushwe. Ni kitabu cha zamani, kilichapwa kabla sijaoa. Jalada lina mwanamume mwenye masharubu, bunduki mkono mmoja, mkono wa pili amembeba mwanamke aliyezimia. Ni Kapteni Bakuza, anatembea msituni siku kumi na mbili kwenda kulipua daraja la adui. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekitolea maoni.

Teopista, mpishi wa shule, aliandika: "Kapteni ameua watu arobaini na mmoja. Nimehesabu. Hakuna hata mmoja aliyezikwa." Abdunoor wa vitenge aliandika: "Kitabu kitamu mpaka mwanamke anapoingia. Mwandishi hajui wanawake." Chini yake Docus, fundi cherehani, akajibu: "Hajui hata nguo. Siku kumi na mbili porini na shati bado jeupe, nani alikuwa anamfulia?"

Stanislas alikitolea maoni mwezi wa sita. Yeye na mkewe Yvette walitoka Butembo, Kongo, miaka mitatu iliyopita, wamekimbia na mabegi mawili. Kule alikuwa fundi wa madaraja. Hapa alikuwa akibeba matofali. Alikisoma kitabu siku mbili, akakirudisha amekasirika, akakaa kwenye benchi langu akaandika nusu ukurasa:

"Mwandishi hajui daraja. Kapteni anaweka baruti juu katikati, ataharibu lami tu, kesho magari yanapita. Daraja linafia kwenye kiti chake, pale chuma kinapokaa juu ya nguzo. Hata hili letu la hapa, mtu akitaka, ni pale. Kwa hiyo kitabu hiki ni uongo."

Nilimwambia anajidai. Akasema twende akanionyeshe. Tukawekeana dau la soda. Jumapili, yeye akitoka misa, tulitembea hadi kwenye daraja la mto wa mpakani. Nikainama kwenye ukingo, yeye akanionyesha kwa kidole kiti cha daraja kilipo, mpaka askari mmoja akatuuliza tumepoteza nini. Tukasema hatujapoteza kitu. Soda nilinunua mimi. Tuliporudi nikachukua kalamu nikaandika chini ya maoni yake: "Ni kweli. Tulikwenda kuangalia. Ameshinda."

Sikuweka jina. Mwenye kitabu haweki jina.

Caleb anauza viatu vya mitumba. Anakaa Nyamwamba, Kasese, na siku za soko anashuka Bwera. Jumanne hiyo aliazima kitabu akasome usiku. Kesho yake asubuhi mkewe, Yunia, akanipigia simu.

"Syahuka, mume wangu hakulala nyumbani."

"Yuko wapi?"

"Wanaye. Wanasema ni kwa ajili ya kitabu. Kitabu gani hicho ulichompa?"

"Cha hadithi."

"Cha hadithi kinamfunga mtu?"

Alikata simu. Nilibaki nimeshika tairi mkononi. Nilikuwa nayajua maoni yale kwa moyo, na kila neno lilianza kunirudia kwa sauti ya mtu mwingine. Hata hili letu la hapa. Mtu akitaka. Tulikwenda kuangalia.

Yeyote anayekaa huku anajua kwa nini niliogopa. Waasi wa msituni wamevuka mpaka mara nyingi, na huku watu wamezika sana. Askari wa kizuizini akikuta karatasi kama ile, hata mimi ningemwelewa.

Stanislas alikuja saa nne, vumbi la matofali mpaka kwenye nyusi. Habari alikwisha kuzisikia sokoni. Hakukaa, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Muzee Syahuka, njo kweli? Banamukamata Caleb?"

"Kweli."

"Jina yangu iko mule ndani."

"Iko."

"Na mutaa."

"Na mtaa."

Alitazama barabara, upande huu na upande ule. "Sasa mi nifanye nini? Nikimbie, batasema ni mimi. Nikae, batanikuta nimekaa."

"Kaa. Nakwenda Kasese mwenyewe. Nitawaeleza."

"Utabaambia tulienda wawili? Utabaambia ya soda?"

"Nitawaambia."

"Ukibaambia ya soda, batacheka," alisema. "Mutu mwenye anacheka hapigi. Uanzie na soda, muzee."

Nilifunga kibanda. Njia nzima nilijisemea yale maneno. Ni mimi niliyeandika, afande. Tulibishana. Tuliwekeana soda. Tukapita Munkunyu nikiyasema, na Muhokya kwenyewe, wakati tumeteremshwa sote na kupapaswa mifuko, midomo yangu ilikuwa bado inatembea mpaka mama mmoja akanisogelea akaniuliza kama ninaumwa.

Kasese askari waliniketisha kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi, nikakaa saa tatu nzima. Hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Nilimsikia mtu akikohoa nyuma ya mlango wa chuma, na nilijua kikohozi kile ni cha Caleb, kwa sababu hukohoa hivyo akinusa gundi yangu ya pancha. Alikohoa mara tatu. Halafu mlango wa ofisi ukafunguliwa, nikaitwa.

Ofisa aliyenisikiliza alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, mdogo kuliko mimi. Kitabu kilikuwa mezani, kimejaa vipande vya karatasi kama alama.

"Kaa. Kipande."

Nikampa kitambulisho. Akakilaza juu ya kitabu.

"Hiki chako?"

"Changu, afande."

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na nne," alisema. "Sijaona mtu anayenikusanyia ushahidi namna hii. Jina, mtaa, tarehe, sahihi. Umenirahisishia." Hakuwa akitabasamu. Akafungua nyuma, akasoma maoni ya Stanislas polepole, mpaka mwisho. Akasogeza kidole chini.

"Ni kweli. Tulikwenda kuangalia. Ameshinda. Huyu hana jina."

Akainua macho kutoka kwenye ukurasa.

"Wote wana majina, huyu hana. Kwa nini?"

Maneno ya soda yalikuwa hapa, kwenye meno. Nilifungua mdomo. Caleb akakohoa tena kule ndani, nami nikaona jinsi ilivyo rahisi kuvuka ule mlango wa chuma na kukaa kando yake. Ilihitaji maneno mawili tu: ni mimi.

"Sijui, afande," nikasema. "Kitabu kinazunguka."

"Walikwenda nani na nani?"

"Sijui."

"Ameshinda nini?"

"Sijui, afande."

Aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Halafu akaniambia niende, nisizime simu.

Nilifika Bwera jua likielekea kuzama. Stanislas alikuwa ameketi kwenye benchi langu mbele ya kibanda kilichofungwa, amenawa, amevaa shati la misa, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Bakacheka?" akaniuliza.

Nilivuta baiskeli ya mteja nikaigeuza magurudumu juu. Nikazungusha gurudumu la nyuma. Lilikuwa halina ubaya wowote.

"Muzee."

"Mambo yatakaa sawa."

"Ulibaambia tulienda wawili?"

Nikalizungusha tena. Alilitazama gurudumu mpaka liliposimama lenyewe.

"Haukubaambia," alisema. Hakusema kwa hasira. "Sasa kule kwenye karatasi mi niko na mutu mwenye hajulikane. Batamutafuta kwangu. Batanipiga nitaje mutu, na huyo mutu ni wewe."

"Stanislas."

"Basi, ndugu yangu. Basi. Mi siwezi kukutaja."

Alinipa mkono. Mimi nikaona ni mkono wa kuagana kwa leo.

Asubuhi mlango wao ulikuwa umefungwa kwa kamba, si kwa kufuli. Jirani alisema walitoka alfajiri na mabegi mawili, wakashuka upande wa mto. Sufuria la Yvette lilikuwa bado nje, lina maji ya mihogo. Walirudi kule kule walikotoka. Kule kuna vijiji vyenye watu wachache kuliko makaburi, na Stanislas alinisimulia mwenyewe, hakuna kitabu kinachoyaandika yale.

Mchana magari mawili ya askari yalikuja mtaani kwao. Walipokuta nyumba tupu, kila kitu kikageuka kuwa kweli. Aliyeandika ametoroka. Mwenzake hana jina. Waliwaita wasomaji wangu mmoja mmoja. Teopista aliulizwa kwa nini alihesabu maiti. Docus alipotoka alipita mbele ya kibanda changu bila kunisalimu, akarudi hatua mbili, akasema, "Niliandika habari ya shati, Syahuka. Shati." Kisha akaenda.

Nilikuwa nikilala nimevaa suruali na viatu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilikuwa ni wao. Nilijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko wangu usifanane na ule wa kitabuni. Siku ya tano Yunia alikuja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi kutwa nzima amegeuzia uso barabarani, na wateja wakawa wanapita wakienda kwa fundi mwingine. Jioni alisimama akasema, "Kuna kitu unakijua." Akaenda kutafuta teksi.

Siku ya tisa nilirudi Kasese bila kuitwa. Ofisa alinipa karatasi niandike maelezo. Niliandika mstari mmoja kwa mkono wangu wa kulia. Aliichukua karatasi, akailaza kando ya kitabu, akatazama huku na huku.

"Ni wewe."

"Ni mimi, afande."

"Mlikwenda kuangalia nini?"

"Kiti cha daraja. Tulibishana habari ya kitabu. Tuliwekeana soda."

"Soda."

"Ya chungwa."

Alivua miwani. Nilisubiri mkono wake, au mlango wa chuma. Alicheka. Alicheka kidogo kwa pua, kama mtu aliyechoka, akafuta macho. "Fundi wetu amekwenda kuliangalia," alisema. "Daraja hilo halifanani na aliloeleza rafiki yako. Hata yeye alikosea." Halafu akaacha kucheka. "Ungeniambia soda siku ile ya kwanza, huyu angelala kwake. Na yule mwingine angekuwa bado Bwera. Toka."

Caleb alitoka kabla ya saa saba. Alinipita kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa ameshika kamba za viatu vyake mkononi, na anayeuza viatu hakujua azifunge vipi. Nilimwinamia nikamfungia. Aliniacha nifunge.

Simu ya Stanislas haijapatikana tangu alfajiri ile. Nimewauliza wanaovuka kuja sokoni, kila Jumanne na Ijumaa. Mmoja alisema aliwaona Kasindi. Baadaye mwingine alisema aliona mwanamke kama Yvette barabara ya Beni, peke yake, na begi moja.

Hesabu ni hii. Caleb, siku tisa. Wasomaji walioitwa, kumi, na hakuna hata mmoja aliyeazima tena. Kitabu kimoja hakijarudi, vimebaki ishirini na viwili, kurasa zao za nyuma nimezichana zote. Nyumba moja ina wapangaji wengine. Sufuria la Yvette liko kwangu. Watu wawili walivuka mto. Aliyeonekana mara ya mwisho ni mmoja.