Kitanda cha Sita na Nusu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumbani kwao Kabondo, Safiya alimlisha mama yake uji wa mchele, akamgeuzia ubavu wa kushoto, ule usio na vidonda, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka hospitali anakofanya kazi ya uuguzi. Alipoingia wodini alikikuta kitanda cha mama yake kati ya namba sita na namba saba. Mama alikuwa juu yake, bado amelalia ubavu wa kushoto. Miguu ya kitanda ilikuwa na tope la Kabondo.

"Ungetuambia kama unaleta mugonjwa," alisema Papa Cyprien, mkuu wa wodi.

"Sikumuleta, papa. Nimemuacha kwa nyumba."

"Bon." Akamfungulia mama faili, akaendelea kugawa dawa.

Alasiri Safiya alipofika nyumbani, kitanda kilikuwa kimeshatangulia. Kesho yake kikaja tena. Hakuna aliyeuliza kinapita njia gani. Tatizo lilikuwa Safiya mwenyewe. Akivaa koti jeupe alikuwa muuguzi, haruhusiwi kukaa na mgonjwa mmoja. Akilivua alikuwa garde-malade, ndugu anayemtunza mgonjwa wake, na daktari akipita hao wote hutolewa nje. Siku moja alijitoa nje mwenyewe, akasimama barazani na sufuria ya uji, akingoja muuguzi amwite. Alingoja sana.

Kichwa kilimvurugika, na alikuwa amechoka, tena amechoka vibaya. Alikuwa ameomba likizo ya mwezi mmoja, na kaka yake Djuma aliahidi kutoka Banalia aje kushika zamu ya kumtunza mama. Djuma akapiga simu.

"Habari ya kitanda nimesikia. Mungu iko mukubwa, Safi. Donc mi nabakia huku kwanza."

Alikata simu haraka, kama kawaida yake.

Papa Cyprien naye akamrudishia barua ya likizo bila sahihi. "Mugonjwa iko hapa, weye iko hapa. Alors, congé ni ya kufanya nini?"

Safiya aliitia barua mfukoni, akaenda kwenye kitanda cha sita na nusu, kama wenzake walivyokwisha kuzoea kukiita, akaanza kumlisha mama yake.

Mama alimeza vijiko viwili, akalitazama lile koti jeupe.

"Aksanti, infirmière. Mutoto yangu Safiya atarudia saa ngapi?"

"Saa tisa, mama," alisema Safiya, akampangusa mdomo.