Jembe Kabla ya Kutosha Kilio

Huku kwetu kwenye vilima vya Masisi, mwenye shamba akifa, jembe lake linawekwa kando. Mjane hagusi udongo mpaka siku ya kutosha kilio, yaani kumaliza matanga, ukoo unapokusanyika na kusali, na mama wa marehemu anapomkabidhi jembe kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana shamba la Dusabimana lilikuwa limeota majani hadi magotini, na Emérence, mke wake, akilitazama kila asubuhi kutoka mlangoni kama anayemtazama mgonjwa. Ukoo ulikuwa unamngoja Marcellin, kaka wa marehemu, aliyekwama Itebero kwa sababu ya vita njiani.

Wakati huo ikaja proje ya miti, mradi wa kupanda misitu vilimani. Wakubwa wake walikusanya watu mbele ya kanisa, wakasema kilima kinaporomoka, lazima kivikwe kijani, na kila shamba lisilolimwa litapandwa mikaratusi. Emérence hakuogopa. Nani angeliita shamba la mfiwa shamba tupu? Lakini agronomu wao, bwana shamba Jean-de-Dieu, alikuwa mtu wa mjini Goma, asiyejua desturi zetu. Aliona majani, akapiga vijiti vya alama.

Emérence akamwendea mama mkwe wake, Uwimbabazi.

"Mama, unipe jembe leo."

"Marcellin hayafika. Unataka batu baseme mwanangu hakuliliwa?"

"Wakishapanda ile miti, batoto wake watakula nini? Magome?"

"Usinitishe na batoto. Baba yao mwenyewe, mimi njo nilimuzaa."

Emérence akarudi nyumbani. Kulipokucha, alilichomoa jembe darini yeye mwenyewe, akashuka shambani na kitambaa chake cha kilio kichwani.

Wafanyakazi walipofika na miche, walimkuta ameshageuza udongo wa sehemu ya chini, vijiti vimetupwa njiani.

"Mama, hii shamba iko ya proje sasa," akasema Jean-de-Dieu. "Tunataka kilima kikuwe kijani."

"Na maharagi iko rangi gani, agronomu? Nyekundu?"

Wafanyakazi wakacheka. "Ata sombe ya muhogo iko kijani, chef!" akadakia Émile, jirani aliyepata kibarua kwenye proje.

"Miti siikatai," Emérence akaendelea. "Angalia kwenye mipaka, bwana yangu alipanda. Inashika udongo, na sisi tunakula katikati. Yako pia uweke pale. Ao upeleke kule." Akanyoosha jembe kuelekea kilima cha pili, malisho ya tajiri mmoja wa ng'ombe, kilima kipara kilichochanwachanwa na mvua. "Kule mbona hamukupiga vijiti?"

Jean-de-Dieu akatazama viatu vyake. "Kule iko na mwenyewe."

"Na huku?"

Ndipo Uwimbabazi akaonekana akishuka, fimbo mkononi. Emérence akaukaza mkono kwenye mpini. Alidhani amekuja kumnyang'anya jembe.

Mama mzee akampita bila kumtazama. Akasimama kwenye njia, nje kidogo ya udongo uliolimwa, akawageukia wanaume.

"Mimi ningali katika kilio. Silimi. Lakini nitasimama hapa. Mwenye kutaka kupita na muti wake, anisukume kwanza."

Émile akalitua sanduku lake la miche. "Mimi sisukumi mama mufiwa. Chef, unikate tu mushahara." Wengine nao wakatua yao.

Jean-de-Dieu akaviokota vijiti, akaenda kuvipiga upya kwenye mpaka, pembeni ya miti ya Dusabimana.

"Mama," Emérence akaanza.

"Usiniite mama leo. Umevunja kilio cha mwanangu, na Marcellin akifika nitamwambia hivyo hivyo, mbele ya wote." Akainyoosha fimbo kuelekea juu ya shamba. "Upande wa juu bado. Mvua iko karibu. Lima."

Emérence akajifunga kitenge upya, akapanda upande wa juu.